UZI: Keki bila yai, krimu bila krimu. Vitamutamu vya Waingereza wa enzi za vita, na namna ya kuvipika leo

#1 BintiPangani (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Niko Uingereza mwaka wa saba sasa, kazi yangu ni kutunza wazee. Jumapili mchana mpishi hayupo, kwa hiyo kitafunwa cha chai ya saa kumi ni juu yetu wa zamu. Mwaka jana bibi mmoja wa miaka tisini na kitu aliniambia anatamani keki aliyokuwa akiipika mama yake wakati wa vita. Nikasema hilo dogo. Nikaitafuta resipe, nikakuta haina yai hata moja, mafuta kiduchu, sukari kiduchu. Nikaingiwa na huruma. Nikatia mayai matatu, siagi nikazidisha mara mbili, sukari nikamwaga. Ikatoka keki ya harusi kabisa. Bibi akaonja kipande, akaweka uma chini, akasema kwa adabu zao zile: "Nzuri sana, mpenzi. Lakini si yenyewe."

Tangu hapo nimekuwa nikizipika hizi resipe karibu kila Jumapili, na msimamo wangu ni huu: ukitaka kuzirekebisha kwa jiko la leo, rudisha kitu kimoja tu. Ukirudisha mafuta, sukari iache chini. Ukitia yai, usiguse mafuta. Ukirudisha vyote umepika keki nyingine, na keki nyingine tayari unaijua.

Kwa wasiojua mkasa wenyewe. Kabla ya vita Uingereza ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya chakula chake kwa meli. Nyambizi za Wajerumani zikawa zinazizamisha. Tarehe 8 Januari 1940 mgao ukaanza na bekoni, siagi na sukari, kila mtu na kijitabu chake cha kuponi na duka alilojiandikisha. Kiasi kilipanda na kushuka, ila kwa kawaida mtu mzima alipata kwa wiki sukari aunsi 8, yaani gramu 227, robo kilo kasoro. Siagi aunsi 2, ambazo ni gramu 57. Majarini aunsi 4. Na yai moja, kama lilipatikana. Hiyo sukari ndiyo ya chai, ndiyo ya uji, ndiyo ya keki. Agosti 1940 serikali ikapiga marufuku hata kupaka sukari juu ya keki, ndiyo maana kwenye harusi watu walisimamisha kava la karatasi ngumu lililopambwa kama keki ya ghorofa, chini yake kumefichwa kikeki kimoja chembamba.

Sasa nilikoumia mimi, nyie msiumie.

Kwanza painti. Resipe zote zinasema "robo painti ya maziwa". Nikaingia mtandaoni, kikokotoo kikanipa mililita 118. Nikapika, ikatoka tofali. Kumbe kile kikokotoo kilikuwa cha Marekani! Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Robo ya Uingereza ni 142. Kwenye keki ndogo, upungufu wa mililita 24 ni kijiko cha chakula kimoja na nusu, na unga wangu siku hiyo ulikuwa wa kunywa maji.

Ndiyo la pili: unga. Kuanzia 1942 Waingereza walikula unga wa taifa, asilimia 85 ya punje imebaki ndani, rangi ya kijivujivu. Ukitumia unga mweupe mtupu keki itakuwa laini lakini haina ladha ya nafaka, na maziwa yatazidi. Mimi nachanganya theluthi mbili mweupe na theluthi moja atta, maziwa 142 kamili. Ukiwa na mweupe peke yake, anza na 125 uone.

Na majarini. Hapa ndipo wengi wanaanguka na kumlaumu marehemu mama wa mtu. Majarini ya zamani ilikuwa kipande kigumu, mafuta matupu karibu. Ya leo ya kopo, ile laini ya kupaka mkate, nyingine nusu yake ni maji. Geuza kopo usome asilimia ya mafuta. Chini ya 70, liache kwa ajili ya mkate.

Keki yenyewe ya bibi hii hapa. Unga gramu 170, bekingi pauda vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa (resipe ya asili ilitumia unga uliokwishatiwa bekingi pauda, ndiyo maana wao wanaandika kijiko kimoja). Majarini gumu au siagi gramu 70. Sukari gramu 55. Sirapu ya miwa kijiko kimoja cha chakula. Maziwa 142. Saga mafuta, sukari na sirapu kwa mwiko mpaka vikose rangi. Kwa kuwa sukari ni kidogo haitavimba kama ulivyozoea, usisubiri muujiza. Kisha unga na maziwa kwa zamu, kidogo kidogo. Ukitingisha mwiko, mchanganyiko udondoke bonge, usimiminike. Vibati viwili vya inchi 7, oveni 180, dakika kama 20. Katikati paka jemu.

Kitu kimoja nilichorudisha: badala ya majarini natia siagi halisi. Basi. Sukari sijagusa, yai sijatia. Na ile siku bibi alikula vipande viwili bila kusema chochote.

Iliwe siku hiyohiyo. Kesho yake ni mkate mkavu.

#2 KijikoMti

Naweka kambi hapa. Mleta uzi, tupe na ile ya yai la unga, nimewahi kusikia.

#3 MamaWawiliKasarani

Asante kwa uzi, dada. Lakini mbona kila resipe ya mtandaoni lazima oveni? Sisi wa gesi ya mtungi na sufuria tunafanyaje? Halafu hiyo sirapu huku kwetu ni bei ya nyama.

#4 BintiPangani

Mama Wawili, sirapu weka asali au sukari guru iliyoyeyushwa na maji kidogo, inatosha.

Oveni wala haikuwa ya lazima kwao. Waingereza ni watu wa pudini ya mvuke, na moto wa kuoka keki moja tu ulionekana ni uharibifu. Hii walipika Krismasi ya vita: kikombe cha unga, kikombe cha chenga za mkate, kikombe cha sukari, nusu kikombe cha shahamu, kikombe cha zabibu kavu, kijiko cha chai cha viungo vitamu. Changanya. Kisha kikombe cha kiazi mbatata kibichi kilichokwaruzwa na kikombe cha karoti mbichi iliyokwaruzwa. Mwisho kijiko cha chai cha magadi soda, kilichosawazishwa, kikiwa kimeyeyushwa kwenye vijiko viwili vya maziwa ya moto. Hakuna yai. Hakuna maziwa mengine, maji yote yanatoka kwenye kiazi na karoti.

Usishangae kikombe kizima cha sukari, hii ilikuwa ya sikukuu, watu walidunduliza wiki kadhaa. Mimi natia nusu kikombe.

Paka mafuta bakuli la chuma au la kauri, jaza mpaka robo tatu. Juu yake weka karatasi iliyopakwa mafuta, uikunje mkunjo mmoja katikati ili pudini ikipanda ipate nafasi. Funga kwa uzi shingoni mwa bakuli, na uzi huohuo uuvushe juu uwe mkono wa kuinulia. Utanishukuru wakati wa kulitoa kwenye maji ya moto. Sufuria kubwa, kisahani kimegeuzwa chini, maji yafike nusu ya bakuli, mfuniko. Saa nne, moto mdogo, ukiongeza maji YA MOTO. Ukimwaga ya baridi mvuke unakatika na pudini inakaa chini kama mgeni aliyeudhika.

KijikoMti: yai la unga lilikuja kwa wingi kutoka Marekani kuanzia 1942, pakiti moja sawa na mayai 12, kwa kawaida kila wiki nne. Kijiko kimoja cha chakula cha unga, viwili vya maji, hilo yai. Ukikuta resipe inasema "yai kavu 1", weka yai dogo. Ukiweka lile kubwa la dukani unaongeza maji ambayo resipe haikuyahesabu.

#5 Omushaija_Bk

Nimesoma mahali kwamba walipika ndizi za bandia. Tafadhali niambieni ni uongo.

#6 BintiPangani

Si uongo kaka. Novemba 1940 serikali ilisimamisha kuingiza ndizi, meli zibebe mambo ya vita. Kuna mzizi mweupe unaofanana na karoti, huku unauzwa kila soko. Waliuchemsha, wakauponda na sukari, wakatia arki ya ndizi, wakapaka kwenye mkate. Niliupika mara moja. Harufu ni ya peremende, ladha ni ya kiazi kitamu kilichopigwa na baridi. Huu sirekebishi, kuna ndizi dukani.

Hapa kuna mzee mmoja alizaliwa vitani, anasema ndizi ya kwanza alipewa akiwa mtoto wa shule na akaanza kuila na ganda.

#7 Omushaija_Bk

Inatosha. Nimeumia.

#8 Kipanga_wa_Ilala

Mimi nitauliza lisiloulizwa. Sisi tuna visheti, kashata, vitumbua, mkate wa kumimina. Shida gani inatufanya tuhangaike na umaskini wa mkoloni? Wakati wao wanapanga foleni ya majarini, babu zetu walikuwa vitani Burma na KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Nani aliandika resipe zao?

#9 BintiPangani

Kaka hilo la Burma sina la kubisha, babu yangu mzaa mama alikuwa huko na hakuna aliyemuuliza alikula nini. Ila mimi napika hizi kwa sababu ndio wazee ninaowahudumia. Na kwa sababu nyingine ya jikoni tu: ukimpa mpishi gramu 57 za siagi kwa wiki, anajifunza kila gramu inafanya kazi gani. Mimi nilikuwa natia robo kilo kwenye keki bila kujua nusu yake ni ya nini.

#10 MzeeWaKongwa

Wanangu, hamjambo. Huyo Kipanga ana hoja lakini ameishikia pembeni. Kama mnataka kujua pudini hizi zinatuhusu nini, njooni Kongwa, huku Dodoma.

Vita viliisha 1945 lakini mgao wao haukuisha. Ulizidi. Mkate, ambao haukuwahi kugawiwa wakati wa vita, uligawiwa kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Kilichowabana zaidi ni mafuta: ya kupikia, ya majarini, hata ya sabuni. Ndipo wakaona Tanganyika ni ardhi tupu ya kulima karanga. Mpango mzima, pamoja na Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ulikuwa ekari zaidi ya milioni tatu, huku kwetu Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mwenye mradi alikuwa nani? Wizara yao ya Chakula. Wizara ileile iliyokuwa ikichapisha vikaratasi vya keki bila yai.

Walianza hapa Kongwa 1947. Walileta matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mibuyu ikawasumbua, visiki vikavunja majembe, na udongo wetu huu, mvua ikikatika, unakuwa sakafu. Karanga inazaa chini ya ardhi. Ardhi ikishakuwa sakafu utaing'oaje? Mvua yenyewe ni ya Ugogo, mnaijua, haba. Wakajaribu na alizeti. Januari 1951 wakafunga, paundi milioni 36 zimekwenda. Bandari ya Mtwara ni masalia ya mradi huo.

Kwa hiyo, mwanangu BintiPangani, ile majarini unayotupimia kwa gramu ilitakiwa itoke kwetu. Haikutoka.

#11 Kipanga_wa_Ilala

Shikamoo mzee. Nimekaa chini.

#12 BintiPangani

Shikamoo mzee wangu. Mwaka mzima napika hizi keki na hilo sikuliunganisha. Mtwara nimepita mara ngapi.

#13 BiMwanakombo

Mwanangu BintiPangani, nimesoma yote. Mie ni wa Mombasa, miaka mingi napika vya harusi. Hiyo krimu ya uongo umeitaja kwenye kichwa cha habari kisha umetukimbia. Tuandikie. Na nimesikia wana tati ya karoti wakiita aprikoti. Hiyo kwetu si ajabu, karoti na sukari na arki twapika siku zote.

#14 BintiPangani

Bi Mwanakombo, shikamoo. Ni kweli nimekimbia, kwa sababu ile krimu ilinitoa jasho.

Tati kwanza. Karoti changa gramu 450, zikwaruze. Matone machache ya arki ya lozi, jemu ya plamu vijiko vinne vya chakula, maji kama vijiko sita. Moto mdogo mpaka iwe rojo nzito. Mimina kwenye gamba la tati lililokwisha okwa, juu upake jemu kidogo tena. Kinachodanganya ulimi hapo ni arki ya lozi, maana kokwa la aprikoti lina harufu hiyohiyo. Ukizidisha tone moja inakuwa dawa ya kikohozi. Nilichorudisha mimi ni limau, kijiko cha chai, kwa kuwa aprikoti ina uchachu na karoti haina. Karoti zenyewe serikali ilizipigia debe mno, kulikuwa na kikatuni cha Daktari Karoti, na watoto walipewa karoti kwenye kijiti badala ya aiskrimu.

Krimu sasa. Krimu halisi ilikuwa hairuhusiwi kuuzwa, maziwa yote yaende kwenye kunywa. Basi: unga mlaini wa mahindi, ule wa kastadi, gramu 15. Maziwa mililita 142. Siagi au majarini gumu gramu 40. Sukari vijiko vitatu vya chai. Vanila. Pika unga na maziwa mpaka vigande. Ndiyo, ni uji, msinicheke. Uache upoe KABISA. Pembeni saga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, halafu tia uji kijiko kimoja kimoja huku ukipiga kwa mchapo.

Nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza uji ulikuwa vuguvugu, siagi ikayeyuka, nikapata mchuzi. Mara ya pili uji ulikuwa umetoka kwenye friji na siagi iko ya joto la jikoni, ikakatika ikawa vidonge vidonge. Vyote viwili viwe na joto moja, joto la chumba. Ukishapata hilo inatoka laini, inashika, na mtu asiyejua hatauliza.

#15 BiMwanakombo

Marahaba mwanangu. Huo uji upike kwa tui zito badala ya maziwa, utaniambia.

#16 BintiPangani

Bi, ukitia tui itakuwa tamu kushinda, najua. Lakini bibi zangu huku watasema "si yenyewe". Nitapika mbili, ya tui nitakula mimi.

#17 KijikoMti

Swali la kijinga: kwa nini kwenye hizi keki kuna siki? Nimeona moja inaitwa keki ya siki, nikaifunga.

#18 BintiPangani

Fungua tena, ndiyo bora kuliko zote. Siki inakutana na magadi, mchanganyiko unachemka povu, lile povu ndilo linalopandisha keki mahali pa yai. Unga 170 na bekingi pauda vijiko viwili, mafuta 85, sukari 85, zabibu 85, maziwa 142, siki kijiko cha chakula, magadi nusu kijiko cha chai. Saga mafuta na sukari, tia unga na zabibu. Siki, magadi na maziwa viunganishe kwenye kikombe KIKUBWA mwishoni kabisa, maana vinapanda kama sabuni, kisha mimina na uingize kwenye oveni bila kupiga soga. 180, dakika 45 mpaka saa nzima. Siki huisikii hata kidogo. Hii sijarekebisha chochote, na inakaa siku nne kwenye mkebe.

#19 MamaWawiliKasarani

Ripoti. Pudini ya sufuria nimepika juzi. Saa ya tatu maji yalikauka nikasikia bakuli linagonga, nikaokoa. Watoto wameimaliza, mkubwa hajui kuna kiazi ndani na sitamwambia. Gesi ndiyo imelia.

#20 BintiPangani

Tia gololi ya watoto au kifuniko cha chupa ya soda chini ya maji, kinapiga kelele kikicheza. Kikinyamaza ujue maji yameisha. Gesi: wapikie wawili kwa mpigo, bakuli mbili ndogo, saa mbili na nusu.

#21 MzeeWaKongwa

Mwanangu, na sisi tumepika. Shahamu mke wangu hataki kuiona. Akauliza, mafuta gani mengine? Nikamwambia weka ya karanga, robo kikombe na kidogo. Za hapahapa, tumezikamua kwa jirani.

Imetoka nzito kuliko picha zenu, lakini imeshika na ina harufu nzuri. Waingereza waambie zimefika, zimechelewa tu.

#22 BintiPangani

Mzee umeniliza kwenye basi. Mmechemsha saa ngapi?

#23 MzeeWaKongwa

Nne na nusu. Mkaa ulikuwa mbichi.